Seva Haioni Diski Baada ya Kusasisha Fimwea: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Karakana yetu iko Kisumu. Seva zinazotufikia ni za shule, SACCO, zahanati na maduka ya jumla, kuanzia Nakuru hadi Busia, na nyingi zilishatumika kwingine kabla ya kufika huku. Fimwea tunayozungumzia ni ile programu dhibiti iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe. Seva moja huwa nayo mahali pengi: kwenye ubao mama, kwenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), kwenye bekipleni (ubao ambao diski huchomekwa) na ndani ya kila diski. Mtu akituambia amesasisha fimwea, swali letu la kwanza huwa: ya nini?

Fundi, diski zote zimepotea. Zimekufa?

Kwa kawaida hapana. Diski nane hazikai kikao zikakubaliana kufa usiku mmoja. Zikipotea zote kwa mpigo, tafuta kile zinachotumia kwa pamoja: kadi, kebo, bekipleni, umeme, au mpangilio fulani wa BIOS (programu inayoiamsha seva) uliorudi ulivyotoka kiwandani. Ikipotea moja na nyingine zikabaki, hapo tunaishuku diski yenyewe au nafasi ilipochomekwa. Iko hali adimu ambapo diski nyingi hufa kweli kwa wakati mmoja, nayo tumeieleza chini kwenye swali la fimwea kuua diski.

Nifanye nini kabla ya kupiga simu?

Toa mikono kwenye kibodi. Hatutanii. Seva nyingi zilizotufikia zikiwa hazina tena data hazikuuawa na fimwea. Ziliuawa na mtu aliyeona ujumbe asiouelewa akabonyeza ndiyo. Usibonyeze "Clear". Usibonyeze "Initialize", iwe kwenye kadi ya RAID au kwenye kile kidirisha cha Windows kinachojitokeza chenyewe kikijifanya kinakusaidia. Usiunde RAID mpya "ili tuone kama itashika". Usihamishe diski kutoka nafasi moja hadi nyingine.

Piga picha ya skrini kwa simu, kila ukurasa, hata ule unaoonekana hauna maana. Piga picha ya mbele ya seva pia, taa zikiwa zinawaka, ili tujue diski ipi ilikuwa wapi na taa yake ilikuwa ya rangi gani. Kisha bandika karatasi zenye namba kwenye trei, kuanzia 0. Baada ya hapo piga simu, au endelea kusoma.

Nimewasha upya mara tatu na hakuna kilichobadilika.

Kuwasha upya hakutoshi. Seva ikiwa imezimwa lakini waya uko ukutani, sehemu zake kadhaa bado zina umeme: kile kikompyuta cha usimamizi, iLO kwa HPE na iDRAC kwa Dell, huwa macho muda wote, na bekipleni inaweza kubaki na hali ya zamani huku kadi imeshahamia fimwea mpya. Zima seva kwa utaratibu, chomoa nyaya zote za umeme (zikiwa mbili, zote mbili), bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki iishe, subiri dakika chache, kisha rudisha. Mpe iDRAC au iLO nafasi ya kuamka kabla ya kubonyeza kitufe tena.

Mteja wa Nakuru alifunga safari ya kuleta seva huku Kisumu, akapita Kericho mvua ikinyesha, na alipoichomeka mezani kwetu diski zote zikaonekana. Hatukuwa tumegusa chochote. Safari ndiyo iliyoitoa umeme.

Tahadhari moja: baada ya sasisho, kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu seva inahesabu upya vifaa vyake. Skrini ikisimama kwenye ujumbe wa kukusanya orodha ya vifaa, iache. Ukikata umeme hapo, kitu kilichokuwa kinaandikwa kinaweza kubaki nusu.

Nitajuaje diski zimepotelea wapi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kati ya diski na faili zako kuna vituo kadhaa, na diski hupotea kwenye kituo kimoja tu. Vilivyo nyuma ya kituo hicho vinaiona, vya mbele yake havioni. Anza chini, kwenye chuma, kisha panda polepole.

Angalia taa na utege sikio. Diski ya sahani hunguruma inapoanza kuzunguka. Shika trei kwa kidole na utausikia mtetemo. Ikiwa hakuna taa wala mtetemo, tatizo ni umeme wa bekipleni au kiunganishi, na programu haiwezi kulitibu. Hapa huwa tunauliza swali linaloonekana la kijinga: siku hiyo ya kusasisha, mlifungua seva mkapuliza vumbi? Watu wengi hufanya hivyo, maana seva imeshazimwa na nafasi imepatikana. Wakati wa kupuliza, kebo ya SAS (inayounganisha kadi na diski) hulegea, au mbili hubadilishana mahali kwenye kadi. Lawama yote huishia kwa fimwea. Kandokando ya ziwa kuna jambo la ziada, nalo ni unyevu. Kadi iliyokaa miaka mitano bila kuguswa huwa na ukungu kwenye meno yake ya dhahabu, na ukiitoa na kuirudisha vibaya haishiki. Tunayafuta meno hayo kwa raba ya penseli, halafu kwa kitambaa chenye spiriti.

Taa zikiwa sawa, nenda kwenye iLO au iDRAC uangalie ukurasa wa hifadhi. Hapo seva inakuambia inachokiona yenyewe, bila kupitia Windows wala Linux. Halafu ingia kwenye menyu ya kadi wakati seva inawaka: Ctrl+R kwenye Dell nyingi za zamani, au ndani ya F2 kwa zile zinazotumia UEFI (BIOS ya kisasa). Diski zikionekana kwenye menyu ya kadi, pumua. Chuma ni kizima, na kilichobaki ni mpangilio.

Mwisho ni mfumo wa uendeshaji. Kwenye Linux, `lspci` inaonyesha kama kadi yenyewe ipo, `dmesg` inaonyesha kama draiva iliipokea, na `lsblk` inaonyesha diski. Kadi ikiwepo kwenye `lspci` lakini `lsblk` ikawa tupu, shida ni draiva au kadi inazificha diski. Kwa kadi za RAID za MegaRAID na PERC (ya Dell), amri ya kuzisimamia, `storcli /c0 show`, itakupa orodha ya diski na hali zake hata kama Linux haina habari nazo. Diski moja ikiwa nyuma ya RAID, unaweza kuisoma afya yake kwa `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda`, ukibadilisha hiyo 0 kwa namba ya diski unayoitafuta.

Kadi inasema diski ni "Foreign". Ni virusi?

La. Kila diski ya RAID hubeba maandishi madogo yanayoeleza ni ya kundi gani na imekaa nafasi ya ngapi. Kadi nayo ina kumbukumbu yake. Fimwea mpya ikifuta au ikibadilisha kumbukumbu ya kadi, diski zinaonekana kama zimetoka kwenye seva nyingine, yaani ngeni ("Foreign"). Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo, yale maandishi, ndiyo itakayozirudisha nyumbani. Neno la kubonyeza ni "Import". "Clear" inakata kamba.

SACCO moja ilituletea seva ya diski sita iliyokuwa na hali hii hii. Kijana wa ofisini aliliona neno lile, akadhani kuna mtu wa nje ameingia, akalifuta. Kadi ikamwambia sasa ana diski sita zisizo na kazi, akaunda RAID mpya yenye jina lilelile, na alipoulizwa kama aianzishe ("Initialize") akakubali. Bekapu iliyokuwepo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Makarani walikaa siku nyingi wakiingiza miamala upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Kijana huyo hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia neno hilo lina maana gani, na mashine nayo haikumsaidia.

Kabla ya kukubali "Import", angalia orodha ambayo kadi inakuonyesha. Diski zote ziwe za kundi moja. Diski iliyojitoa miezi miwili iliyopita bila mtu kugundua (hutokea sana pale seva inapokaa stoo na hakuna anayeangalia taa) ina data ya miezi miwili iliyopita. Ikichanganywa na nyingine kama iko sawa, utapata faili zilizovurugika. Diski hiyo ichomoe, fanya "Import" ya zile zilizobaki, kisha iweke baadaye ijengwe upya. RAID 5 inavumilia kukosa moja, RAID 6 mbili. RAID 0 haivumilii hata moja, na hatujui kwa nini bado kuna watu wanaitumia kwenye ofisi.

Kwa storcli, ni `storcli /c0/fall show` kwanza, halafu `storcli /c0/fall import`.

Kama ulishabonyeza "Clear" na ukaishia hapo, bado kuna njia: data yenyewe haijaguswa, maandishi tu ndiyo yameondoka. Kundi linaweza kuundwa upya kwa mpangilio uleule, saizi ileile ya vipande, bila kulianzisha. Usijaribu kabla ya kunakili kila diski sekta kwa sekta kwa `ddrescue`. Ukikosea mpangilio bila nakala hizo, hakuna wa kukusaidia.

Hakuna RAID kwangu. Diski zilikuwa moja moja, sasa kadi inaziona lakini Linux haioni.

Kadi yako imerudi kwenye hali ya kiwandani na JBOD, hali ya kuionyesha kila diski peke yake, imezimwa. Kwenye storcli diski zitaandikwa "UGood", yaani nzima ila hazijapewa kazi. Amri ni `storcli /c0 set jbod=on`. Lakini kama kadi hiyohiyo ina diski nyingine zilizokuwa kwenye RAID na sasa nazo zinaonekana "UGood", simama kwanza. Chomoa hizo kabla ya kuwasha JBOD.

BIOS inaona diski, Windows haioni.

Angalia kwanza kama BIOS ilibadilisha hali ya SATA (namna ubao mama unavyozungumza na diski), kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake. Sasisho la BIOS linapenda kurudisha kila kitu kilivyokuwa kiwandani. Windows ikianguka na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, karibu kila mara ni hilo. Rudisha ilivyokuwa, na ndiyo maana tunasema piga picha za BIOS kabla ya kusasisha.

Kama Windows yenyewe inawaka ila diski za data hazipo, fungua `diskpart`, andika `list disk`. Ukiona diski imeandikwa "Offline", haijaharibika. Windows Server ikiona diski zimekuja kwa njia tofauti na ya jana inaweza kuziweka pembeni mpaka mtu aziruhusu. `select disk 1`, kisha `online disk`. Ikikataa kuandikwa, ongeza `attributes disk clear readonly`.

Na Linux?

Kwenye Linux makosa ni ya aina tatu.

La kwanza ni majina. Diski iliyokuwa /dev/sda leo imeitwa /dev/sdc kwa sababu kadi inazihesabu kwa mpangilio mpya. Kama /etc/fstab yako (orodha ya diski za kufunguliwa mashine inapowaka) imeandikwa kwa majina hayo, mashine itaishia kwenye hali ya dharura ikikuomba nenosiri la root. Andika UUID (vitambulisho visivyobadilika), ambazo utazipata kwa `blkid`.

La pili ni draiva. Watu husasisha fimwea na mfumo wa uendeshaji kwa usiku mmoja, kisha wanalaumu fimwea. Red Hat Enterprise Linux 8, kwa mfano, iliondoa kadi za familia ya SAS2008 kwenye draiva yake ya mpt3sas, na kadi hizo ndizo zimejaa kwenye seva za mtumba. Kadi ni nzima, diski ni nzima, ila kaneli (kiini cha Linux) imekataa kuzitambua. Wakati mwingine draiva ipo ila haikuingizwa kwenye initramfs (kifurushi kidogo ambacho Linux huanza kuwaka nacho). Washa kwa kaneli ya zamani kutoka menyu ya GRUB, halafu `update-initramfs -u` kwa Ubuntu na Debian, au `dracut -f` kwa jamii ya Red Hat.

La tatu ni kundi lisilojikusanya lenyewe. Kwa mdadm (RAID ya Linux yenyewe), `mdadm --examine` kwanza kwa kila diski, kisha `mdadm --assemble --scan`. Usithubutu `--create`. Kwa ZFS (mfumo wa faili wenye RAID yake ndani), `zpool import -d /dev/disk/by-id` hulipata kundi hata majina yakiwa yamebadilika yote. ZFS huturahisishia maisha hapa, lazima tukiri.

Nilikuwa na SSD nne za NVMe kwenye kadi moja. Sasa naona moja.

Mpangilio wa kugawa njia za PCIe umerudi kiwandani. Tafuta ndani ya BIOS, kwenye nafasi hiyo ya kadi, uweke x4x4x4x4 badala ya x16. Zikiwa hazionekani kabisa kwenye seva ya Intel, angalia kama VMD (kidhibiti cha Intel cha NVMe) imewashwa. Windows inahitaji draiva yake, na Linux inahitaji moduli ya vmd.

Nilibadilisha fimwea ya kadi iwe ya IT ili nitumie ZFS. Wakati wa kuwaka haionyeshi diski hata moja.

Pengine hakuna shida yoyote. Fimwea ya IT (inayozipitisha diski moja moja bila RAID) na ile BIOS ya kadi ni vitu viwili tofauti. Kama uliandika fimwea peke yake, kadi haitajitangaza wakati wa kuwaka, wala huwezi kubuti kutoka kwenye diski zake, lakini Linux ikishawaka kutoka kwingine itaziona zote. Wengi huiacha hivyo makusudi kwa sababu seva inawaka haraka zaidi.

Thibitisha kwa `sas2flash -list`. Kwa kadi za SAS2008 kama 9211-8i, toleo tunalolitumia ni 20.00.07.00, matoleo ya mwanzo ya 20 yalikuwa na matatizo. Ukiona anwani ya SAS ni sufuri tupu, uliifuta wakati wa kusafisha. Iko kwenye kibandiko nyuma ya kadi, irudishe kwa `-sasadd`. Na ukishafuta kwa `-e 6`, usizime wala usiwashe upya mpaka fimwea mpya iingie. Umeme ukipotea hapo katikati, kadi inakuwa kipande cha plastiki, na safari ya Luthuli Avenue, Nairobi, kununua nyingine inakungoja.

SSD yangu inaonekana, lakini ina jina la ajabu.

"SATAFIRM S11"? Hilo ni jina ambalo chipu ya Phison S11 hujiita inaposhindwa kupakia fimwea yake kamili. Tunaziona sana kwa sababu SSD za bei nafuu nyingi zimeitumia chipu hiyo. Kuiandika fimwea upya kunaweza kuifufua diski, data ikiwa imeondoka. Kama data ndiyo unayoitaka, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data kabla mtu yeyote hajaijaribu.

Ukubwa wa ajabu ni ishara ya jamii hiyohiyo. Mwaka 2011 SSD za Intel 320 zilikuwa na kasoro ambapo diski ikikatiwa umeme ghafla inaamka ikidai ina MB 8 tu. Intel ilitoa fimwea ya kuirekebisha mwaka uleule. Kwa mji ambao umeme huondoka bila kuaga, kasoro ya namna hiyo si hadithi ya mbali.

Diski ya TB 4 inaonekana kama TB 2.

Kadi ni ya zamani. PERC 6/i na wenzake huhesabu sekta kwa biti 32, na sekta za baiti 512 zikihesabiwa hivyo zinafika TB 2.2 hivi basi. Hakuna fimwea itakayobadilisha hilo. Nunua kadi nyingine.

Mashine inaomba ufunguo wa BitLocker.

Diski ipo na ni nzima; BitLocker ni kufuli la Windows linaloficha data. BIOS ikibadilika, TPM (chipu ya usalama inayotunza ufunguo) hukataa kuifungua mpaka uweke zile tarakimu 48. Wakati ujao simamisha BitLocker kwanza ndipo usasishe.

Ni kweli fimwea yenyewe inaweza kuua diski?

Ni kweli, na imeshatokea kwa makampuni makubwa. Mwishoni mwa 2008 diski za Seagate Barracuda 7200.11 zilianza kupotea kwenye BIOS zinapowashwa. Data ilikuwa bado kwenye sahani, fimwea ndiyo ilikuwa imejifungia. Januari 2009 kampuni ikatoa dawa, na dawa ya kwanza ikazifungia baadhi ya diski za GB 500 zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Ikaondolewa, ikatolewa nyingine.

Upande wa pili, kutosasisha nako kumeua. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, kama hazitawekewa fimwea ya HPD8. Machi 2020 ikatangaza kundi jingine, la saa 40,000. Anayejua hesabu za kompyuta atatabasamu kwa ile 32,768: ni mbili kwa kipeo cha 15, pale ambapo namba ya biti 16 yenye alama inafurika. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa pamoja hufika saa hiyo pamoja. RAID haina msaada zote zikiondoka kwa mkupuo, na data hairudi. Hii ndiyo ile hali adimu tuliyoitaja. Kama una SSD za SAS za HPE kwenye seva ya mtumba, soma saa zake kwa `smartctl` leo, kisha linganisha modeli na fimwea yake na tangazo la HPE.

Kwa hiyo hatumwambii mtu asasishe kila kitu kila mwezi, wala asiguse kamwe. Soma maelezo ya toleo. Yakisema linazuia kupotea kwa data, sasisha wiki hii. Yakisema limeboresha rangi ya menyu, iache seva ilale.

Seva yangu ni mtumba kutoka Uingereza. Kuna la kuangalia zaidi?

Kuna mawili. Tangu Februari 2014 HP iliweka BIOS na vifurushi vya fimwea vya ProLiant kwa walio na dhamana au mkataba wa huduma, kwa hiyo watu hutafuta mafaili kwingineko. Faili isiyo ya modeli yako kamili ndiyo inayotuletea wateja. Linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi.

La pili ni diski zilizotoka kwenye kabati kubwa za hifadhi. Nyingi zimeundwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Kadi ya zamani huenda ilizificha kimya, na ya fimwea mpya inazionyesha zikiwa na ukubwa wa sufuri. `sg_format --format --size=512` inazirekebisha, inafuta kila kitu, na inachukua saa nyingi kwa diski moja. Usiianze ukitegemea umeme wa ukutani pekee.

Naweza kurudisha fimwea ya zamani?

Ya iDRAC, BIOS na kadi kwa Dell, mara nyingi ndiyo. iDRAC hutunza toleo lililotangulia na ina ukurasa wa kurudi nyuma. Ya diski, mara nyingi hapana, kwa kuwa watengenezaji wengi huzuia kushuka. Ndiyo maana diski tunazisasisha mwisho kabisa, moja, tukaiangalia siku mbili, ndipo nyingine.

Nisasishe lini?

Asubuhi, Jumamosi. Sisi hatugusi fimwea baada ya saa nane mchana. Huku mawingu ya ziwa hujikusanya alasiri, na ukienda Kakamega au Kisii radi ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Betri za UPS ziwe zimejaa na zimejaribiwa kwa kuchomoa waya, siyo kwa kuangalia taa yake ya kijani. Bekapu iwe nje ya seva hiyo; tumewahi kuonyeshwa kwa fahari bekapu iliyokaa kwenye diski zilezile zilizopotea. Hifadhi matokeo ya `storcli /c0 show all`, `blkid` na picha za BIOS kwenye simu yako. Na ubadilishe betri ya CR2032 kama seva imezidi miaka mitano: mara nyingi mpangilio wa BIOS hupotea kwa sababu ya hiyo betri ya sarafu, si kwa sababu ya sasisho.

Nikiamua kuleta seva Kisumu, nilete nini?

Lete seva, nyaya zake, picha ulizopiga, na jina la faili uliyosasisha nayo. Kama diski zina taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama, njoo na barua ya mwenye mamlaka. Tunasaini karatasi kabla ya kupokea, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuondolei wajibu kwa kuwa tu diski ziko mezani kwa fundi.

Usisafirishe seva diski zikiwa ndani. Zitoe, kila moja na namba yake, zifunge kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli halafu kwenye sponji, na uzipakate mwenyewe. Seva inaweza kwenda kwenye keria ya gari. Diski zikae mapajani mpaka Kisumu.